Huruma na Tahadhari: Kisa cha Rumonge na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Fasihi

Utangulizi

Mwalimu ye yote aliyewahi kusahihisha insha juu ya msamaha anaujua mwisho wake kabla hajaufikia. Mkosefu anarudi nyumbani, analia, anapokewa, mnyama anachinjwa, na mwandishi anaweka nukta. Hivyo ndivyo walivyotuandikia wanafunzi wetu wa mwambao wa Tanganyika tulipowataka wakisimulie upya kisa cha Mwana Mpotevu kana kwamba kimetokea Rumonge. Baba akawa na shamba la michikichi; mwana akatapanya fedha za mawese Bujumbura; akarudi amekonda, akachinjiwa mbuzi. Insha moja tu haikuishia kwenye karamu. Mwandishi wake alivuka usiku ule, akafika asubuhi ya pili, akauliza: je, siku hiyo ufunguo wa ghala la mawese alikaa nao nani?

Tulimkata alama kwa kutoka nje ya mada. Tangu siku hiyo tumelifikiri swali lake mara nyingi, na sasa tunakiri kwamba yeye peke yake ndiye aliyeingia ndani ya mada. Makala haya ni jaribio la kumrudishia haki yake.

Tunakusudia kuchunguza jinsi tunavyosimulia, darasani na nje ya darasa, habari za Wakristo wanaowaendea wakosefu na watu waliotengwa. Tutaanza na kisa cha Rumonge cha mwaka 1881, tutapita Rabai, kisha tutaisoma upya hadithi ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Msomaji huenda akashangaa kuikuta hadithi hii ya mwisho hapa, kwa kuwa si ya Kikristo, na mwandishi wake alikuwa Mwislamu. Tumeichukua kwa sababu mbili: madarasa ya Rumonge yamewakalisha watoto wa dini zote mbili kwenye dawati moja, na hadithi yenyewe inatupa mizani ambayo visa vingine havina.

Kisa cha Rumonge

Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadri Weupe, ni shirika lililoanzishwa na Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza wa kuja katika nchi za maziwa makuu uliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Ukagawanyika njiani: kundi moja likaelekea Buganda, jingine likafika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879. Mwezi wa Julai mwaka huo huo kundi hilo la pili lilijenga kituo Rumonge, kwenye ufuko wa Burundi. Kituo hakikumaliza miaka miwili. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop, Mbelgiji asiyekuwa padri, waliuawa. Kituo kikaachwa, na misheni iliyokuja kudumu katika Burundi haikusimama mpaka mwaka 1898, kule Muyaga, mbali na ziwa.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa mtoto. Misheni ilimhesabu kuwa wake, kwani ilikuwa desturi ya mapadri hao kuwakomboa watoto kutoka katika utumwa na kuwalea. Watu wa Bikari, majirani wa kituo, nao walikuwa na dai juu yake. Madai hayo mawili hayakupata mahali pa kukutana ila kwenye mikuki.

Kisa hiki tumekisikia kikisimuliwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kishujaa: wema ulikuja ufukoni, ukatili ukaupokea, damu ikamwagika, na damu hiyo ikawa mbegu. Namna ya pili ni ya wale wasiopendezwa na misheni: wageni waliingilia mambo ya watu, wakavuna walichopanda. Wasimulizi hawa wawili hawapatani kwa lo lote, lakini kama wahakiki tunaona kwamba wana kasoro moja. Katika simulizi zote mbili mtoto anatoweka. Yeye ndiye ambaye bila yeye hapana kisa. Hata hivyo hapewi jina, hapewi umri, hapewi hata sentensi moja ya kusema. Mapadri wanatajwa, Bikari anatajwa, tarehe inatajwa. Aliyehurumiwa amekuwa kama kamba katika mchezo wa kuvutana: wote wanaishika, hapana anayeitazama.

Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu. Walikuwa wachache katika nchi ambayo lugha yake walikuwa bado wakijifunza. Kusini yao, katika ufuko ule ule, Ujiji ilikuwa soko ambamo binadamu waliuzwa pamoja na pembe. Mtu aliyeona watoto wakipitishwa wamefungwa kamba hakuwa na nafasi ya kuketi kitako apime mambo, na waliokufa Rumonge walilipa kwa maisha yao wenyewe. Lakini mtihani wa huruma haumwulizi mfadhili peke yake. Unauliza pia: nani mwingine atalipa? Mtoto yule alipoteza walezi aliokuwa nao. Watu wa ufuko huo waliopenda shule na dawa za misheni walizikosa. Tahadhari ingekuwa kuuliza mapema maswali ambayo mzee ye yote wa Kirundi angeyauliza. Ndugu zake ni akina nani? Ni nani mwenye neno juu yake? Makubaliano yalifanyika mbele ya mashahidi gani? Maswali hayo hayapunguzi huruma, bali huipa miguu ya kusimamia.

Kwamba huruma ya namna hiyo iliweza kuzaa matunda katika ziwa hili hili, hapana shaka. Huko Karema, upande wa Tanzania, anakumbukwa Adrien Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akakombolewa na mapadri hao hao, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa mwambao ule mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Kwake yeye ukombozi haukuishia kwenye kutoa bei. Ulifuatwa na miaka ya shule, na kazi iliyompa heshima mbele ya majirani. Lavigerie mwenyewe aliagiza kwamba anayetaka ubatizo afundishwe na kuangaliwa kwa muda wa miaka minne. Wapo waliouona muda huo kuwa mrefu mno. Sisi tunaona kwamba aliyeuweka alijua kuwa chozi la siku ya kwanza bado si ushahidi.

Maneno yaliyobeba mzigo

Hapa yafaa mwalimu wa lugha asimame kidogo, maana sehemu ya ugomvi wa Rumonge imo ndani ya maneno.

Tunasema "kukomboa" na hapo hapo akili inakwenda kwa Mkombozi. Lakini katika maisha ya kila siku kukomboa ni kulipa ili kukitoa kitu kilichowekwa rehani. Wakati wa misafara fedha ilikuwa nguo: merikani, kaniki, na ushanga. Mmisionari alitoa nguo akampata mtoto. Mfanyabiashara alitoa nguo akampata mtoto. Mmisionari aliita tendo lake kukomboa, la mwenzake akaliita kununua, na tofauti hiyo ilikuwa ya kweli moyoni mwake. Jirani aliyesimama pembeni aliona nguo zile zile zikibadili mikono. Tena kila aliyelipa, kwa nia yo yote ile, alimwacha muuzaji na faida mkononi. Neno jema halikutosha kulitofautisha tendo. Ilipasa tofauti ionekane katika maisha ya mtoto baadaye.

Neno la pili ni "mtoro". Leo ni mwanafunzi aliyekimbia kipindi cha hesabu. Karne moja na nusu iliyopita alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Lugha imempunguzia makosa, lakini lawama imebaki: anayemwita mtu mtoro amekwisha kukubali kwamba mahali alipotoka ndipo panapompasa kuwa.

Neno la tatu ni "toba". Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Msamaha hutoka kwa aliyekosewa, nayo toba hutoka kwa aliyekosa. Insha za wanafunzi wetu zimejaa msamaha na zina uhaba wa toba, kwa sababu msamaha ni tendo la dakika moja na unaandikika kwa urahisi. Kurudi ni safari.

Watoro wa Rabai

Turudi kwenye watoro wenyewe. Nyuma ya Mombasa, katika kituo cha Rabai cha misheni ya CMS, walikusanyika katika miaka ya 1880 watu wengi waliowatoroka mabwana wao wa pwani. Aliyekuwa kiongozi pale, William Jones, alikuwa Myao aliyeonja utumwa utotoni, akaokolewa na kulelewa India. Mabwana waliwadai watu wao na kutishia kukishambulia kituo. Misheni kwa kauli yake rasmi haikutakiwa kuwapokea watoro; kwa vitendo ilikuwa imejaa watoro.

Mwishoni mwa mwaka 1888 Mackenzie, aliyekuja kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alipatana na mabwana hao wakubali malipo. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo vya jirani walipewa hati za uhuru.

Kisa hiki kina uchungu wake, na mwalimu asiufiche. Aliyelipwa ni bwana. Aliyelima miaka na miaka bila ujira hakulipwa hata senti. Pamoja na hayo, tukikiweka kando ya kisa cha Rumonge, tunaona jambo ambalo Rumonge halikupatikana: dai la upande wa pili lilisikilizwa, likajibiwa hadharani, likafungwa. Mtoro alitoka mafichoni akiwa na karatasi ambayo jirani mwenye hasira aliitambua. Kabla ya siku hiyo huruma ya Rabai ilikuwa ya kujificha, na kila aliyepokewa aliwaongezea hatari waliotangulia. Jones alikuwa na moyo wa kuwapokea, nao ulihitajika. Mapatano nayo yalihitajika ili waliopokewa walale usingizi.

Adili na nduguze

Sasa tuitazame hadithi ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952. Adili, liwali wa Janibu, anaonekana usiku akiwapiga manyani wawili mijeledi, kisha akilia pamoja nao, akiwafuta machozi na kuwalisha. Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, anayaona haya na kuyapeleka Ughaibuni. Rai anamwita Adili ajieleze. Hapo ndipo tunapojua kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Aliwafadhili, wakamwonea kijicho, wakamtupa baharini. Jini Huria akamwokoa, akawageuza kuwa manyani na kumwamuru awapige kila usiku. Rai anawaombea, wanarudishwa katika umbo la binadamu, wanatubu.

Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba mbegu ya hadithi hii imo katika Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdullah bin Fadil. Huko ndugu waligeuzwa mbwa. Walipokwisha kusamehewa na kurudishiwa utu wao, walikula njama ya kumwua ndugu yao mara ya pili, na mwisho wao ukawa kifo cha adhabu. Shaaban Robert aliukata mwisho huo, akaandika wa kwake, ambamo wakosefu wanatengenea.

Je, alifanya vema? Msomaji mwenye tahadhari atasema kwamba hadithi ya kale ndiyo iliyo karibu na ulimwengu tunaoishi, na atatoa ushahidi wa methali: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Msomaji mwenye huruma atasema kwamba mwandishi ana haki ya kutuonyesha ulimwengu unavyopaswa kuwa. Kwa maoni yetu wote wawili wamekimbilia ukurasa wa mwisho. Fundisho la hadithi hii limo zaidi katika mpangilio wa matukio kuliko katika mwisho wake. Msamaha hauji kwanza. Kwanza shahidi anaona. Pili, mwenye mamlaka anauliza. Tatu, aliyekosewa anasimulia mambo yote kwa sauti, hadharani, wakosefu wakiwapo. Kisha ndipo mwombezi anapofungua kinywa. Rai hasemi kwamba mambo yamepita. Anataka kujua kwanza ni mambo gani yaliyopita.

Tazama pia machozi ya Adili. Angeweza kuwapiga bila kulia, akawa katili. Angeweza kulia bila kuwazuia, akarudi baharini. Mwandishi amemweka mahali pagumu kati ya mambo hayo mawili, akamwacha hapo usiku baada ya usiku. Tuna lawama moja tu kwa mwandishi wetu mkuu: baada ya ndugu kurudi kuwa watu, shaka inamalizika upesi mno. Tungependa kuiona siku ya pili ya Hasidi na Mwivu: nani aliwakabidhi kazi, kazi gani, na Adili alilala akiwa amefunga mlango au ameuacha wazi. Ni swali lile lile la mwanafunzi wetu.

Mwambao wa leo

Mambo haya si ya kale tu. Aprili 1972 maasi yalizuka katika mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Watu wengi waliuawa na waasi. Kisha ukafuata ukandamizaji wa jeshi uliowaua wengi zaidi, nchi nzima. Waliokimbilia Tanzania waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Zaidi ya 160,000 walipokea uraia wa huko. Zaidi ya 50,000 walirudi kuanzia mwaka 2008, na wengi wao walikuta mashamba yao ya michikichi yamo mikononi mwa wengine. Watoto wao waliingia madarasani wakisema Kiswahili cha Tabora na Mpanda, Kirundi kikiwapa taabu. Huku nyuma neno "abamenja", yaani wasaliti, lilikuwa limewangoja wazazi wao kwa miaka thelathini na sita.

Milimani juu ya ziwa, katika seminari ndogo ya Buta, wanafunzi 40 waliuawa tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kukataa kujitenga kwa makabila. Mwaka 2019 ulifunguliwa rasmi uchunguzi wa kuwatangaza mashahidi wa imani. Hapo pia tunawaomba walimu wakumbuke mtoto asiye na jina wa Rumonge: wasiwataje wanafunzi hao kama tarakimu, na wasiharakishe kufika kwenye msamaha kabla mama wa mmoja wao hajasikilizwa.

Makanisa ya mwambao yana waumini wanaokwenda gerezani na chakula, wanaowapatanisha wenye mashamba, wanaompokea mwizi aliyetubu. Kazi hiyo ni njema na ngumu, nasi hatutaki kuidhoofisha kwa hofu. Tunataka isimuliwe vizuri, kwa sababu inavyosimuliwa ndivyo vijana watakavyoifanya. Aliyeiba sadaka apokewe ibadani siku ile ile, na mfuko wa sadaka ukae kwa mwingine. Aliyewahi kudhuru watoto asikie neno la huruma kama mtu mwingine ye yote, lakini asikabidhiwe watoto kamwe, hata akilia vipi. Aliyenyang'anya shamba asamehewe, nalo shamba lizungumzwe. Mkosefu aliyetubu kwa kweli hataudhika na mipaka hii, kwa kuwa inamlinda yeye pia na majaribu na maneno ya watu.

Hitimisho

Tumwangalie tena baba wa Mwana Mpotevu. Wanafunzi wetu humwona akitoka mara moja tu, kumlaki aliyepotea. Kisa chenyewe kinamtoa mara mbili. Mara ya pili anatoka usiku wa karamu kumwendea mwana mkubwa aliyegoma nje, yule aliyelima miaka yote, ambaye karamu ile ililiwa katika fungu lake. Baba hamkemei wala hamwiti mchoyo. Anamsihi, na anamhakikishia kuwa mali iliyobaki ni yake. Katika hatua zile chache za kutoka mlangoni hadi uani, baba alikuwa anafanya hesabu ya nani atakayelipa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi dogo. Tukisomesha kisa cho chote cha mkosefu aliyepokewa, tuwatake wanafunzi waandike ukurasa mmoja zaidi, wa siku ya pili. Nani alipika? Nani alilala wapi? Jirani aliyekosewa alisema nini asubuhi? Mtoto wa Rumonge alipelekwa wapi, na nani alimwuliza anataka kwenda wapi?

Ama kuhusu insha ile tuliyoikata alama, mwandishi wake alilijibu swali lake mwenyewe katika sentensi ya mwisho, ambayo tuliipigia mstari mwekundu. Alisema kwamba ufunguo ulikaa na kaka mkubwa. Na mdogo alipewa panga akachume chikichi, wakala meza moja jioni. Leo tungeufuta mstari huo.